Kutoka Msimbu hadi Dodoma, kwa Basi na kwa Ndege



Hapa kwetu Msimbu, wilaya ya Kisarawe, ndege za Dar es Salaam hupita juu ya mikorosho yetu, na watoto wa chuoni huacha mbao zao wakazitazama. Hatukudhani kwamba siku moja zingetuletea mas-ala ya fiqhi.

Mwaka jana zilitufikia habari kwamba dada yetu aliyeolewa Dodoma ni mgonjwa. Tukaondoka siku moja, sisi kwa basi, na mtoto wa ndugu yetu kwa ndege. Toka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa barabara ya Chalinze, Morogoro na Gairo, ni kilomita 450 hivi. Kwa angani ni takriban 400. Basi huchukua kama saa 8, na ndege saa 1 na dakika chache.

Lakini hesabu ya msafiri huanzia mlangoni pake. Sisi tulitoka saa 10 usiku ili tuliwahi basi la saa 12 kituo cha Magufuli, Mbezi, tukafika kwa mgonjwa saa 9 alasiri. Jumla saa 11. Kijana alitoka saa 12 asubuhi, akapita Pugu na Gongo la Mboto, akangoja uwanjani, akaruka saa 3, na saa 5 alikuwa amekwisha keti kando ya shangazi yake. Jumla saa 5.

Tulipofika tulisali Adhuhuri pamoja na Alasiri, rakaa mbili mbili. Kijana akasema, "Baba mdogo, nyinyi mmetaabika. Mimi nimesali Adhuhuri rakaa nne, maana safari ya saa moja naona haya kuiita safari."

Tukamweleza kwamba sala yake ni sahihi, ila sababu aliyoitoa siyo. Ruhusa hiyo, iliyotajwa katika Sura An-Nisaa aya ya 101, kwa madhehebu yetu ya Shafii hupimwa kwa masafa, si kwa saa wala kwa taabu. Nayo ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza katika Minhaj kwamba msafiri wa baharini akiyakata masafa hayo kwa saa moja, hupunguza. Basi na wa angani ni vivyo hivyo. Bali atokaye Msimbu kwenda Kariakoo, hata akwame njiani saa 4, hapunguzi. Na anuiaye kukaa aendako siku 4 kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, hana ruhusa tena akisha kufika. Sisi tulinuia siku 2.

Dada yetu alikuwa akisikiliza. Akasema, "Masafa mmeyapima vizuri. Nipimieni na hili. Marehemu baba alikuja kunitazama kila mwaka kwa gari moshi, akilala njiani. Nyinyi mna lami, mna ndege, na tangu 2024 mna treni ya umeme. Mbona huu ni mwaka wa 4 sijaziona nyuso zenu?"

Hatukuwa na jibu. Kila Ijumaa tulimpigia simu, tukadhani tumeunga udugu. Mwenyezi Mungu amempunguzia msafiri sala, lakini haki ya jamaa hakuipunguza.

Tuliporudi tulikubaliana kwamba kila miezi 3 mmoja wetu atakwenda. Wa kwanza amekwisha kwenda, kwa basi. Nanyi, wasomaji wetu, mtazameni jamaa mliyemwacha mbali, mkamwendee angali hai.

Wabillahi taufiq.