Kioo na Ulimi

Chombo cha kupimia hakina ulimi, walakini husema. Na neno lake huaminiwa kuliko neno la mtu. Imani hiyo ni njema, ila kipimo nacho hupimwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi, mkazi wa Kirumba mjini Mwanza, alipenda kupika bia nyumbani kwa burudani yake. Alikuwa na haidromita, yaani mrija wa kioo wenye uzito chini na karatasi ya namba ndani ya shingo. Chombo hiki huelea. Sukari ya kimea hukiinua. Hamira ikiigeuza sukari kuwa kileo na hewa, huzama. Katika maji safi husoma 1.000. John Richardson wa Uingereza aliwaandikia wapika bia juu ya kipimo cha namna hii mwaka 1784.

Jioni ya kwanza mwalimu alipima maji ya kimea cha shayiri yakiwa na joto la digrii 40, akapata 1.049. Kitabu chake kilitaja 1.050. Alifurahi, akakiamini kioo. Baada ya siku kumi alipata 1.018, na siku tatu zilizofuata namba haikusogea, hali alitazamia 1.012. Aliilaumu hamira. Kisha aliulaumu mwinuko wa nchi, maana uso wa Ziwa Viktoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Mwisho alikusudia kumwaga pipa zima.

Shangazi yake, aliyepika pombe ya mtama miaka mingi huko Magu, alionja akasema, "Mwanangu, utamu umekwisha. Pombe imeiva."

"Shangazi, kioo kinasema bado."

"Basi kiulize kwanza kinasema nini juu ya maji."

Swali hilo lilimchoma. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kutajwa. Aliyachota, akayachuja, akayachemsha na kuyapoza hata digrii 20, joto ambalo chombo chake kilitengenezewa. Kioo kilisoma 1.005. Karatasi ilikuwa imehama mahali pake.

Hapo alianza upya. Aliimimina bia kutoka bilauri hii hata ile mara nyingi, ili itoke hewa ambayo mapovu yake hushika kioo na kukiinua. Namba ilishuka hata 1.015. Aliondoa tano za karatasi, akaongeza mbili kwa sababu bia ilikuwa na joto la digrii 28, akapata 1.012. Mwinuko haukuwa na hatia: uzito wa chombo na nguvu inayokieleza hupungua pamoja, wala namba haigeuki.

Lakini lililomfedhehesha zaidi ni furaha yake ya jioni ya kwanza. Joto lilikuwa limepunguza namba sita, na karatasi imeongeza tano; ndiyo maana 1.050 ya kweli ilionekana 1.049. Makosa mawili yalipatana yakavaa nguo ya ukweli. Mashahidi wawili wa uongo wakiafikiana, hakimu husinzia.

Na hatari haikuwa ndogo. Lau karatasi ingalihama upande wa pili, kioo kingalisema bia imeiva hali sukari ingalimo. Angaliitia chupani na kuifunga. Hamira ingaliendelea na kazi yake, na hewa ingalipasua chupa mbele ya wajukuu wake.

Bia ile ilikuwa na kileo cha sehemu tano hivi katika mia. Ulimi wa shangazi usingaliweza kuitaja namba hiyo, lakini ndio uliotambua kwamba kioo kinakosea. Tangu siku ile mwalimu hukitia kioo katika maji ya ziwa kabla ya kukitia katika bia. Na bilauri ya kwanza humpelekea shangazi, naye hungoja hukumu yake akiwa amesimama.