Linux Ipi Iingie Nyumbani?



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, tumekuwa tukiulizwa swali moja na akina mama wa mtaani petu, hasa wenye biashara za nyumbani: kompyuta yangu ni nzima, yawaka na kuzimika vyema, mbona naambiwa imekwisha? Jawabu letu ni kuwa haikwisha. Kilichokwisha ni ulinzi wake, kwani matundu mapya ya usalama hayazibwi tena kama zamani. Nayo Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, vitu ambavyo mashine nyingi za mitumba hazina.

Jambo hili lamhusu mama wa nyumba kwa sababu ya sitara. Ndani ya kompyuta ya familia mna picha za harusi za upande wa wanawake, mna nakala za vitambulisho na daftari la madeni. Ikiingiwa na virusi hupelekwa kwa fundi, na fundi, hata awe mwema vipi, ameshafunguliwa mlango wa chumbani. Wengine hununua nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli kwa shilingi chache. Kwanza hiyo ni haki ya mtu. Pili, humjui aliyeivunja wala alichokiacha ndani.

Linux ni njia nyingine. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na leseni yake yamruhusu mtu kuinakili na kumpa jirani bila dhambi wala deni. Tatizo ni kuwa haina mwenyewe mmoja. Ina nasaba, kama sisi watu wa pwani: Debian ya mwaka 1993 ndiyo babu, Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni mtoto wake, na Linux Mint, ya mwaka 2006, ni mjukuu. Jina Ubuntu ni la Kizulu na Kixhosa, lakini Mswahili hahitaji mkalimani kuuona utu uliomo ndani yake.

Nyumbani kwetu palizuka mjadala. Kijana wetu alishikilia Kali, kwa kuwa wenzake waisifu. Hiyo imeundwa kwa wanaopima usalama wa mitandao, na waundaji wake wenyewe hawaipendekezi kwa asiyeijua Linux. Ahli yetu, ambaye ndiye mwenye kazi na kompyuta ile, aliuliza neno moja tu: "Nikitaka kuchapisha risiti ya mteja, nibonyeze wapi?" Kwa swali hilo mjadala ulikwisha, tukachagua Mint.

Mint yenye sura iitwayo Cinnamon ina menyu yake pembeni chini kushoto, pale pale mkono wa mtumiaji wa Windows ulipozoea kwenda. Waundaji wanapendekeza RAM ya gigabaiti 4, ingawa 2 zatosha kuiwasha; kwa mashine dhaifu iko sura nyepesi zaidi, Xfce. (Kila toleo hupewa jina la kike: Wilma, Xia, Zara. Mabinti zetu walilipenda hilo kuliko yote tuliyowaeleza.) Zorin OS, itokayo Dublin, nayo ni nzuri kwa anayetaka sura ifanane na Windows. Ubuntu yenyewe ina watu wengi wa kuuliza, ila vitufe vyake vimejipanga ubavuni mwa skrini, na mgeni hubabaika siku za mwanzo. Kwa hiyo hatuiweki mbele.

Uzuri ni kuwa waweza kuonja kabla ya kula. Faili la Mint lakaribia gigabaiti 3. Mmoja alipakue, mtaa mzima unufaike. Huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski. Hapo jaribu sauti, intaneti na printa. Sisi tulijaribu Kiarabu, kwani mitihani ya madrasa twaiandika wenyewe. Kibodi ya Kiarabu imo. Tukaongeza fonti ya Amiri, aliyoiunda Khaled Hosny kwa kuhuisha hati ya naskhi ya matbaa ya Bulaq, Cairo, nayo hutolewa bilashi. Harakati zilikaa mahali pake, juu na chini ya herufi, jambo lililokuwa likitutaabisha miaka mingi.

Mafaili ya Word na Excel hufunguliwa na LibreOffice, ingawa yenye mapambo mengi huweza kuhama mistari. Photoshop haina toleo la Linux. Ambaye riziki yake yategemea programu kama hiyo, aula abakie alipo, au aziweke Windows na Linux bega kwa bega.

Siku ya kuiweka, nakili kwanza picha na hesabu zote kwenye diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo uhakikishe zimo, kwani ukichagua kufuta diski nzima hakirudi kitu. Katika hatua za kuweka Mint kuna mahali pa kuchagua kuifunga diski kwa siri. Wenye picha za sitara wasiliache hilo. Fundi atatengeneza mashine asione ndani. Lakini nywila ikipotea, mwenye mashine naye hataona. Basi iandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa. Ahli yetu ameitia yake ndani ya kasha la dhahabu, wala sisi hatuijui.