Jamaa Akata Paa la Gari Alilolijenga Wikiendi 6, Kisa Kofia ya Mkewe!

Kama ni mpenzi wa magari, hii utaielewa haraka. Kama siyo, soma hivyo hivyo, maana mapenzi humu ndani ni mengi kuliko gari.

Kuna jamaa mmoja California, Marekani. Umri umeenda kidogo, kazi yake fundi umeme, lakini mtaani kwake wanamjua kwa gari lake. Ana Ford Model A ya mwaka 1931, ile ya wazi, milango miwili, pembeni haina vioo. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na injini ya silinda 4, nguvu ya farasi 40 tu. Jamaa kaing'oa, kaweka V8. Kioo cha mbele kakikata inchi 2 ili gari lionekane limelala chini. Paa hakuna kabisa.

Magari ya hivi Wamarekani wanayaita hotirodi. Mchezo ulianzia huko huko California. Miaka ya 1930 vijana wenye hela za kuungaunga walikuwa wananunua Ford kuukuu, wanatoa madgadi, wanatoa paa, wanatoa chochote kinacholeta uzito, halafu wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage. Vita Kuu ya Pili ilipoisha wanajeshi wakarudi nyumbani, mchezo ukapamba moto, mpaka mwaka 1948 jarida la Hot Rod likaanza kutoka. Kwa hiyo kwa wana wa mchezo huu paa ni mzigo. Likiwepo, basi liwe fupi, limebana, gari lionekane baya. Baya kwa maana ya zuri, umenielewa.

Sasa jamaa na mkewe kila Jumamosi walikuwa wanatoka na hilo gari. Wanakwenda kula, wanazunguka, wanarudi jioni nywele zimesimama kwa upepo. Miaka na miaka. Halafu mke akaumwa. Viungo vinauma, uso unatoka vipele vyekundu, uchovu usioisha. Vipimo vikasema lupus, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Wengi wanaoupata ni wanawake, na kwa wengi wao jua ni adui, linaamsha ugonjwa upya. Daktari akamwambia akae mbali na jua.

Gari halina paa. Na jua la California unalisikia.

"Wewe nenda tu mpenzi, mimi nitabaki," mke akasema Jumamosi ya kwanza. Jamaa akaenda. Ya pili akaenda. Miaka miwili ikakatika hivyo, siti ya pembeni inabeba jaketi.

Siku moja kwenye mkusanyiko wa magari, mke wa rafiki yake akamuuliza, mbona mwenzio hatumwoni? Jamaa akajibu kirahisi tu, "Siku hizi hapendi magari." Wanawake wanaongea, neno likafika nyumbani kabla ya yeye kufika. Mkewe hakugomba. Alimwambia, "Sijawahi kusema sipendi gari. Gari ndilo halina nafasi yangu."

Usiku huo jamaa hakulala.

Kununua paa la dukani akagundua haiwezekani. Aliyoyakuta yanauzwa yalifuata kioo cha kawaida, na la kwake limekatwa. Kumpa fundi alitengeneze maalumu, bei ikamtoa jasho. Akasema nitajenga mwenyewe. Si anakunja mabomba ya chuma ya kupitishia waya kila siku kazini? Mashine ya mkono ya kukunjia anayo. Akanunua mabomba, akayakunja yakawa matao matatu: la mbele linalokaa juu ya kioo, la katikati na la nyuma. Pembeni akaweka mikono ya chuma yenye kiungo katikati kama kiwiko, na kila upande bolti moja kubwa nyuma ya mlango. Ukilikunja, fremu nzima inazunguka kwenye hiyo bolti na kulala nyuma ya siti, kama mwavuli.

Hapo kuna kitu cha hatari ambacho wengi hawakijui. Mabomba hayo yamepakwa zinki. Ukichomelea bila kuisaga kwanza, inatoa moshi unaokuletea homa. Jamaa alisaga, lakini kwa haraka haraka, na gereji alikuwa ameifunga. Usiku akatetemeka kama mwenye malaria. Aliyekaa naye kitandani akimpa maji ni mgonjwa wa siku zote. "Sasa tuko wagonjwa wawili," mke akamwambia, "gari ataendesha nani?" Wakacheka. Asubuhi homa ikaisha, na mlango wa gereji haukufungwa tena.

Wikiendi ya 6 fremu ikasimama. Fupi, imelala, noma sana. Jamaa akapiga picha, wenzake wakamsifia. Akamwita mkewe aje akae.

Mke akaja na kofia yake pana, ile anayovaa hata akienda kuchukua barua getini. Akaingia, kofia ikagonga tao. Akainama, ikagonga tena. Jamaa akasema, "Si uivue tu kofia?"

Hapo alichemka, wazi kabisa. Mke alishuka kimya akarudi ndani.

Jamaa alikaa kwenye ndoo gereji mwenyewe, tepu ya kupimia mkononi. Vipimo vyote alivipima kwa kichwa chake yeye, tena akiwa amejilaza kwenye siti kama dereva wa mashindano. Hakuna hata inchi moja aliyopima akimfikiria mtu wa pembeni.

Kesho yake akawasha grinda, akaikata fremu yote. Wenzake wakamwambia ukiliinua gari litakuwa kama uyoga. Akawajibu poa, litakuwa uyoga.

Mara hii alianza na mke. Akamwomba msamaha, akamwomba akae na kofia yake, akapima kutoka juu ya kofia, akaongeza nafasi ya gari kuruka kwenye mashimo. Hawakugusa chuma. Walikata vipande vya mbao na kadibodi la friji, wakavifunga kwa bolti ndogo, wakawa wanakunja na kukunjua. Kila wakikunja, tao la mbele linagonga bodi ya nyuma. Mke akachukua penseli akachora njia ambayo ule mkono unapita. Akaona kwamba wakisogeza ile bolti kubwa nyuma kidogo tu, kule mbele tao linahama sana. Wakaisogeza inchi moja. Likalala.

Ndipo jamaa akachomelea, zinki imesagwa vizuri, mlango wazi. Turubai likapimwa mwisho kabisa, fremu ikiwa tayari, wakampa fundi wa viti alishone.

Safari ya kwanza ilikuwa jioni, jua limeshashuka. Mke kavaa mikono mirefu, maana pembeni bado wazi. Turubai lilipiga kelele kama tanga la jahazi. Walikwenda dakika 20, wakarudi. Mke alikuwa amechoka, akalala mapema. Lakini kofia haikugonga popote.

Ugonjwa haujaondoka. Kuna Jumamosi anaamka viungo vimevimba, anabaki ndani. Na ukweli, picha zikipostiwa watu wanalicheka lile paa, wanasema limezidi urefu.

Jamaa hajibu. Siku akitoka peke yake analiacha limesimama hivyo hivyo, hata kama ni usiku na hali ya hewa inaruhusu. Ukimuuliza kwa nini halikunji, anasema lina vifungo pande mbili, kulikunja ni kazi ya watu wawili.

Haya wadau, ungekuwa wewe ungeikata fremu ya wikiendi 6, au ungemwambia mwenzio avue kofia? Komenti ni zenu, matusi hapana.