Ribiti ya Sufuria Yako ni ya Nini?

Je, msomaji, umewahi kuinua sufuria ya uji unaochemka, kishikio kikang'oka na kubaki mkononi peke yake? Mimi nina watoto watatu wasiobanduka jikoni, na kila niendapo Kamukunji kununua sufuria, jicho langu hutangulia kwenye ribiti, vile vipini vifupi vilivyogongwa vichwa ili vikishike kishikio.

Wengi hudhani ribiti ngumu ndiyo imara. Hata kidogo! Ribiti hupondwa kwa nyundo hadi ncha yake itanuke iwe kichwa. Metali iliyo ngumu mno haikubali kutanuka. Hupasuka, au hupata ufa usioonekana kwa macho. Ndiyo maana chuma cha kumimina hakifai kabisa. Hata msumari huwa umekazwa kwa kuvutwa kiwandani, kwa hivyo fundi hodari anayeukata kufanya ribiti huutia motoni mpaka uwe mwekundu, kisha huuacha upoe polepole ndipo ulainike.

Lakini linalotumaliza hasa ni jambo jingine. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Ribiti ya chuma ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili, kama ndani ya betri, na alumini ndiyo huliwa. Shaba ni mbaya zaidi. Si kazi ya siku moja. Tundu hupanuka kidogo kidogo, kishikio kikaanza kucheza, nawe ukamlaani fundi kwamba hakugonga sawasawa. Kumbe aligonga vizuri sana!

Basi alumini ishikwe kwa alumini, ila ribiti iwe nene, kwani alumini haina nguvu za chuma. Jiko la makaa ni mambo mengine. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na makaa yaliyokolea yaweza kupita hapo. Jiko la bati la chuma litiwe ribiti za chuma.

Mimi hutembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Ikiing'ang'ania ribiti ya sufuria, hicho ni chuma, nami huirudisha. Mafundi hunicheka, na mmoja ameshanibandika jina la daktari, lakini siku hizi huniwekea kando zile za alumini kabla sijafika.