Ila na Ladha ya Picha

Picha ya sinema haipimwi kwa ila zake peke yake. Awaara, iliyotengenezwa India na Raj Kapoor mwaka 1951, ina ila nyingi. Ni ndefu, nyimbo hukatiza kisa, sadfa zake hazisadikiki. Jaji Raghunath amfukuza mkewe mja mzito kwa shuku, kwa kuwa alitekwa na jambazi. Miaka mingi baadaye mtoto yule, aliyegeuka mwizi, ashtakiwa kwa kutaka kumwua jaji huyo huyo, naye atetewa na Rita, msichana aliyelelewa na jaji. Akili hucheka. Lakini sadfa hiyo ikiondolewa, baba hasimami kamwe kuulizwa maswali mbele ya mwana aliyemkataa kabla hajazaliwa. Jaji aliamini kuwa mwana wa mwizi lazima awe mwizi. Kisa chamjibu kwa damu yake mwenyewe. Ndiyo sababu watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wasiojua Kihindi, waliipenda. Walisamehe njia iliyopinda, kwani iliwafikisha kwenye swali ambalo kila mzazi hana budi kulijibu.