Barua Niliyoiandika kwa Mwandiko Mzuri

Nilifika Ibadakuli kwa msiba wa ndugu yangu. Asubuhi ya kuondoka nilisimama kando ya barabara ili ninunue michembe ya kupeleka nyumbani. Mwanamke aliyekuwa akiuza alinitazama kitambo, kisha akasema, “Shikamoo, mwalimu.” Chuoni siku hizi huniita daktari, ni miaka mingi tangu nimeitwa mwalimu kwa sauti ile. Nikaitikia marahaba. Akauliza, “Hunikumbuki? Ulinifundisha Kidato cha Pili.”

Nilimkumbuka, na ningependa nisingemkumbuka. Kabla ya kwenda chuo kikuu nilifundisha shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga. Kila muhula wasichana walipimwa mimba, na aliyekutwa nayo alipewa barua ya kufukuzwa. Kwa kuwa nilisifiwa kuwa na mwandiko mzuri, barua hizo niliziandika mimi. Yake niliiandika pia. Niliweka maneno niliyoelekezwa, kwamba ametenda kosa dhidi ya maadili, nikaipeleka kwa mkuu ikapigwa muhuri. Mwanamume aliyempa mimba alilipa ng'ombe kwa baba wa binti, shauri likaisha. Katika ofisi yetu hakuna aliyeuliza hata jina lake.

Ndugu msomaji, sikuwa nimevunja sheria. Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa, na shule zilizitafsiri mimba kuwa kosa hilo. Mwaka 2017 Rais wa wakati huo akatamka hadharani kwamba chini ya serikali yake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Wakati huohuo Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwaruhusu kurudi tangu mwaka 2010, na Kenya tangu mwaka 1994. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halikuwezekana katika mila na imani zetu. Liliwezekana kwa jirani, na liliwezekana ndani ya Jamhuri yetu wenyewe.

Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kuondolewa kwa kikwazo hicho, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatolewa. Nilimweleza mama yule habari hizo kwa furaha ya mtu anayelipa deni. Akanisikiliza hadi mwisho. Nilipofika kwenye sharti la kurudi ndani ya miaka miwili tangu kuacha masomo, akacheka kidogo. “Basi mimi nimechelewa, mwalimu. Mwanangu wa kwanza yuko Kidato cha Kwanza.”

Nikamwambia iko njia nyingine: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo ambako mtu husoma sekondari nje ya mfumo rasmi kwa muda mfupi zaidi, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2020, uliweka fungu kwa ajili ya wasichana waliokatisha masomo. Akaniuliza maswali matatu. Masomo huanza saa ngapi? Mtoto wake mdogo, ambaye bado ananyonya, atakaa na nani? Na siku asiyouza, watakula nini? Sikuwa na jibu hata la swali moja.

Maswali hayo yamenifundisha kuliko semina nyingi. Sisi wasomi hudhani kwamba mlango ukifunguliwa kazi imekwisha. Lakini baadhi ya vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyopokea mama vijana viligundua mapema kwamba bila mahali pa kulelea watoto, darasa hubaki na madawati matupu. Huyu mama hakuzuiliwa tena na waraka. Alizuiliwa na mtoto mgongoni na sufuria jikoni.

Nikawaza pia juu ya wale ambao hata waraka huo haukuwaandikiwa. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyoanza mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, na baadaye Warundi tangu 2015, watoto husoma kwa mitaala ya nchi walizozikimbia, na kutoka nje ya kambi huhitaji kibali. Msichana anayejifungulia huko hana soko la kwenda kuuza michembe wala kituo cha mjini cha kujiandikisha. Ikiwa raia mwenye barabara mlangoni pake amekwama, tujiulize hali ya yule aliyezungushiwa mpaka.

Upo pia mzizi ambao waraka wa elimu haukuugusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani tarehe 23 Oktoba 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, zilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na serikali ikaelekezwa kuvirekebisha ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Katika mkoa ambao takwimu za kitaifa za 2010 zilionyesha wasichana 59 kati ya 100 wakiolewa kabla ya miaka 18, kuchelewa huko kuna gharama, na wanaoilipa si wabunge.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo: kabla ya kuandika katika taarifa kwamba mama vijana wameitikia kwa uchache, andikeni saa za vipindi, umbali wa kituo na kama pana chumba cha watoto. Kwa wanafunzi wangu: mkipewa kesho barua ya kuandika, ulizeni kwanza inamwangukia nani, na nani ameachwa nje yake.

Nilipolipia michembe alikataa chenji isimbaki mkononi. Akanihesabia hadi shilingi ya mwisho. Kisha akauliza jambo moja, bila hasira: “Mwalimu, binti yangu yakimkuta, mtamwandikia naye?”

Nikamwambia hapana. Sasa nina wajibu wa kulifanya neno hilo liwe kweli.