Peasi halina bango: Safari ya Lushoto iliyobadili kapu letu la chakula

Desemba iliyopita nilipanda basi alfajiri pale Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nikiwa na watoto wangu wawili: binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Tulikuwa tunakwenda Lushoto kumsalimia bibi yao, mama mkwe wangu. Miguuni mwangu kulikuwa na boksi la zawadi. Ndani yake mlikuwa na soda za chupa, biskuti, juisi za unga na chokoleti ya kupaka kwenye mkate.

Kila mwaka tunabeba boksi la namna hiyo. Anayetoka Dar es Salaam haendi kijijini mikono mitupu.

Lakini safari hii boksi lilinitia dukuduku. Wiki mbili kabla, daktari wa meno alimng'oa mwanangu mdogo magego mawili ya utotoni yaliyokuwa yameoza. Baada ya kazi aliniuliza, "Mama, shuleni huyu anabeba nini?" Nikajibu kwa kujiamini kuwa anabeba juisi ya boksi, tena ile yenye vitamini. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Ukifika nyumbani, lisome hilo boksi upande wa nyuma."

Nilisoma. Mbele kulikuwa na embe kubwa lililoiva na mdoli anayecheka. Nyuma, kwa maandishi madogo, kitu cha kwanza kilikuwa maji, cha pili sukari. Embe lilikuja baadaye. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi ndicho kinachotangulia. Kwa maneno mengine, kwa mwaka mzima nilikuwa nampa mwanangu maji ya sukari huku nikijisifu kuwa anakula matunda.

Kuta za barabarani

Ili watoto wasichoke, niliwapa mchezo. Kila wakiona duka lililopakwa rangi za kampuni ya soda, wahesabu. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mkata. Kabla hatujafika Segera binti yangu alikuwa amepita hamsini, akaacha.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuziona kuta zile, ingawa nimepita njia hiyo miaka mingi. Ukizoea kitu hukioni tena. Mwenye duka hupakiwa rangi bure na kuandikiwa jina la duka lake kwa herufi kubwa. Kampuni nayo hupata ukuta mzima unaotazamwa na kila mtoto anayepita kwenda shule, asubuhi na jioni.

Chalinze wachuuzi walilizunguka basi na vikapu vichwani: soda, krispi, biskuti, korosho, mayai ya kuchemsha. Mwanangu aliruka korosho na mayai kwa macho, akanyoosha kidole kwenye pakiti ya krispi, kisha akaanza kuimba wimbo wa tangazo lake. Aliuimba wote, bila kukosea. Ni mtoto ambaye bado anaruka kumi na sita akihesabu hadi ishirini.

Nilinunua mayai na maji. Alilia mpaka Wami.

Bibi aliuza mapeasi yake

Mombo basi liliacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya thelathini za kona juu ya kona, mto ukiwa pembeni, mpaka Soni na hatimaye Lushoto, mji ambao enzi za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni ya baridi, na kila mteremko umelimwa: kabichi, karoti, viazi, maharage. Mboga na matunda mengi tunayonunua katika masoko ya Dar es Salaam yameshuka na malori kutoka milima hii ya Usambara.

Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele. Nyuma ya nyumba yake kuna mipeasi mitatu, na Desemba ndiyo hasa msimu. Lakini nilipotazama juu niliona matawi mengi yakiwa matupu. Tulipoingia ndani nikaelewa. Mezani kulikuwa na soda, biskuti za maziwa na pakiti za juisi za kutosha harusi.

"Mama, umetoa wapi fedha za yote haya?" nilimuuliza.

"Niliuza mapeasi, mwanangu. Nikasema wajukuu wa mjini vyakula vyetu hawaviwezi. Mwaka jana huyu mdogo alikataa makande."

Nilikosa la kusema. Mama wa watu amevuna matunda ya mti alioupanda mwenyewe, akayauza kwa bei ya jumla, akaenda dukani kununua picha za matunda. Na aliyemfundisha kwamba chakula chake ni cha kuonea aibu si mabango peke yake. Ni mimi na boksi langu la kila mwaka.

Vijiko kumi na vinne

Kumwambia mama mkwe kwamba alichoandaa kwa upendo si kizuri kwa watoto, hilo mkwe hawezi. Aliyenisaidia ni binti yangu, bila kujua kama anasaidia.

Usiku ule alikuwa akisoma chupa ya soda ya nusu lita. Nilikuwa nimemfundisha kuwa kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu nne. Lebo ilisema gramu 11 kwa kila mililita 100. Akazidisha kwa tano akapata 55, akagawa kwa nne. Kisha akaomba bakuli la sukari, akaanza kuchota na kumimina kwenye glasi tupu mbele ya bibi yake. Kimoja, viwili, vitatu. Alipofika cha kumi na tatu akaongeza kingine ambacho hakikujaa.

Bibi aliitazama ile glasi. "Yote hiyo iko humu?" Akaishika chupa na kuigeuza. "Mimi chai natia kijiko kimoja, nesi wa zahanati akanionya hata hicho nipunguze."

Nikapata mlango wa kuingilia. Nilimweleza kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati mtu anayopata kwa siku, na kuwa ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita. Mtoto anahitaji nishati kidogo zaidi, basi na kiwango chake kinashuka. Nikamweleza pia habari ya magego.

Kisha nikamwomba radhi. "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nakuletea haya."

Alicheka. "Basi kesho tutapika makande. Asipokula, njaa itamfundisha."

Mchana uliofuata, baada ya kupanda hadi Irente na kuitazama nyika na Mazinde huko chini kabisa, mwanangu alirudi akiwa hoi. Alikula makande sahani mbili. Hakuna aliyemshangilia, na nadhani hiyo ndiyo iliyosaidia.

Mbona peasi halina tangazo?

Sokoni Lushoto mapeasi, mapichi, karoti na maparachichi yalikuwa yamepangwa mafungu chini. Binti yangu akauliza, "Mama, mbona peasi halina tangazo?"

Nilimjibu kwa kadiri nilivyojua. Peasi ni la kila mwenye mti, na mkulima wa mafungu hana fedha za kununua ukuta wala muda wa televisheni. Unga wa sukari wenye rangi unagharimu kidogo kutengeneza, hukaa dukani mwaka mzima bila kuoza, na faida yake inatosha kulipia wimbo, mdoli na bango. Kwa hiyo kitu kikitangazwa sana, si kwamba ni bora. Mara nyingi ni kwamba kina faida kubwa kwa anayekiuza.

Wenzetu wa Chile waliamua kuliingilia jambo hili kwa sheria. Tangu 2016, vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au nishati kupita kiwango huwekwa alama nyeusi mbele ya pakiti, na haviruhusiwi kuwa na vikatuni vya kuvutia watoto. Huko alama inakaa mbele. Kwetu sisi, kazi ya kugeuza pakiti ni ya mzazi.

Tunavyofanya sasa

Hatukugeuka watawa. Soda za boksi lile tulizinywa siku ya Krismasi, glasi moja kila mtu, na zikatosha. Lakini tangu turudi tumebadili mambo machache ambayo na wewe mzazi mwenzangu unaweza kuyajaribu.

Kwanza, hatununui chochote cha watoto kabla ya kusoma nyuma. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, inarudi rafuni. Na jihadhari na majina yake mengine: glukosi, fruktosi na sharubati za mahindi.

Pili, siendi dukani na mtoto mwenye njaa. Pipi na bablishi hazikupangwa karibu na mwenye duka kwa bahati mbaya. Zimewekwa usawa wa macho ya mtoto.

Tatu, tangazo likitokea kwenye televisheni, tunaulizana: "Anauza nini? Hajasema nini?" Mdogo sasa anajibu kabla ya dada yake.

Nne, mkoba wa shule una maji, na tunda la msimu au muhogo wa kuchemsha. Wiki mbili za kwanza vilirudi nyumbani vilevile. Nilivumilia. Wiki ya tatu vikaanza kurudi nusu.

Tano, zawadi za bibi zimebadilika. Sasa tunampelekea sukari kidogo, sabuni, khanga na dawa zake.

Siku ya kurudi mama mkwe alitufungia ndoo ya mapeasi, yale machache aliyobakiza kwa ajili yake. Chalinze wachuuzi wakalizunguka basi tena, na mwanangu akanyoosha kidole palepale. Nilimpa peasi. Alinuna, akalishika mkononi kilomita nyingi, akaanza kulila tulipokaribia Mlandizi.

Nyumbani binti yangu alichora peasi lenye macho na mdomo unaocheka, akalibandika kwenye mlango wa jokofu. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: "LIMETOKA KWA BIBI."

Ndilo tangazo pekee la chakula tulilonalo ndani ya nyumba, na mwaka huu bibi ameahidi hatauza mapeasi kabla hatujafika.